Kutoka Wodini hadi Chumba cha Mtihani: Somo kwa Muuguzi Anayetaka Kusomea Udaktari

Utangulizi

Katika vituo vya afya vya ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, mtu wa kwanza kumpokea mgonjwa usiku ni muuguzi. Yeye ndiye anayempokea mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na mtoto aliyezidiwa na malaria. Mara nyingi hufanya la lazima kwanza, kisha humwita tabibu au daktari. Haishangazi, basi, kwamba baadhi ya wauguzi, baada ya miaka kadhaa ya kazi, hujiuliza: je, nami naweza kurudi darasani nikasomee udaktari?

Somo hili limeandikwa kwa ajili yao. Halikusudii kumshawishi muuguzi yeyote aiache taaluma yake, wala kumkatisha tamaa anayetaka kusonga mbele. Linakusudia kumwonyesha jinsi ya kuigeuza kazi anayoifanya kila siku iwe maandalizi ya mtihani. Wagonjwa na jamaa zao nao watakuta humu maelezo ya mambo wanayoyaona wodini bila kuelezwa sababu zake.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

1. Kueleza njia zinazompeleka muuguzi wa Tanzania kwenye Shahada ya Udaktari.
2. Kutofautisha maarifa anayopata wodini na maarifa yanayodaiwa na mtihani.
3. Kutumia matukio ya wodini kujifunza Fizikia, Kemia na Biolojia.
4. Kupanga ratiba ya kujisomea isiyohatarisha usalama wa wagonjwa.

1. Mtihani wenyewe ni upi?

Katika baadhi ya nchi, anayeomba kusomea udaktari hufanya mtihani maalumu wa kuingilia. Nchini Marekani, kwa mfano, kuna mtihani uitwao MCAT, wenye sehemu nne na alama zinazoanzia 472 hadi 528. Kwetu Tanzania mlango mkuu ni matokeo ya Kidato cha Sita. Mtihani huo husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na sifa za kudahiliwa hutangazwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kwa muuguzi, njia zinazofaa kupimwa ni tatu.

Njia ya kwanza ni Kidato cha Sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Muuguzi aliyeishia Kidato cha Nne kabla ya kwenda chuo cha uuguzi anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, mradi ametimiza masharti ya ufaulu wa Kidato cha Nne. Mtihani hufanyika mwezi Mei. Katika kila somo kati ya hayo matatu kuna karatasi za nadharia na karatasi ya vitendo. Katika hesabu ya pointi, daraja A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini kinachotajwa kwa Shahada ya Udaktari ni ufaulu wa masomo yote matatu wenye jumla ya pointi 6, yaani D tatu. Hicho ni kizingiti tu. Ushindani wa nafasi ni mkali, na mwenye D tatu husimama nyuma ya wengi.

Njia ya pili ni Stashahada ya Utabibu. Katika mwongozo wa udahili, stashahada inayotajwa kwa kawaida kuwa sifa linganishi ya kuingia udaktari ni hiyo ya Utabibu, wala si Stashahada ya Uuguzi. Mwombaji hutakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu usiopungua D katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza vya Kidato cha Nne. Muuguzi anayechagua njia hii hana budi kuanza masomo ya utabibu upya, ambayo huchukua miaka mitatu.

Njia ya tatu haiendi kwenye udaktari, lakini inaenda juu. Ni Shahada ya Sayansi ya Uuguzi, inayompokea mwenye Stashahada ya Uuguzi yenye ufaulu mzuri, kisha shahada ya uzamili na ubobezi. Anayeipenda kazi ya uuguzi ila amechoshwa na ngazi aliyopo, mara nyingi hii ndiyo njia anayoihitaji.

Kabla ya jambo jingine lolote, toa cheti chako cha Kidato cha Nne kabatini ukisome. Ukikuta F ya Fizikia au ya Hisabati, anzia hapo: rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea katika mtihani wa Novemba. Wapo waliotumia miaka na fedha kusomea hatua ya juu, kumbe ufa ulikuwa kwenye msingi. Vilevile, soma mwongozo wa TCU wa mwaka ule utakaoomba, na usimlipe mtu yeyote anayedai kwamba anauza nafasi ya chuo.

2. Wodi inakupa nini, na haikupi nini?

Muuguzi mzoefu ana hazina ambayo kijana wa miaka 18 hana. Amezoea kusimama mbele ya damu bila kutetemeka, amejifunza nidhamu ya saa, na anawatambua wagonjwa waliozidiwa hata kabla ya vipimo. Hazina hiyo itamfaa sana atakapokuwa chuoni. Chumba cha mtihani, hata hivyo, hakitamuuliza juu yake.

Wodi hufundisha nini kifanyike: mama huyu awekewe kanula kubwa, mtoto yule apewe oksijeni, chupa hii imalizike kwa saa nane. Mtihani huuliza kwa nini, tena huuliza kwa lugha ya kanuni, milinganyo na michoro. Muuguzi aliyetundika dripu elfu moja anaweza kushindwa swali la mtiririko wa vimiminika, kwa kuwa hakuna zamu iliyowahi kumdai kanuni yake.

Mtego wa pili ni Biolojia. Wauguzi wengi huliacha somo hili wakidhani wanalijua. Ni kweli kwamba mfumo wa damu na wa upumuaji hautawashinda. Lakini Biolojia ya Kidato cha Sita ina usanisinuru, uainishaji wa viumbe, ikolojia na uzazi wa mimea, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholazwa wodini.

Mtego wa tatu ni lugha. Muuguzi wa Shinyanga humsalimu mgonjwa kwa Kisukuma, humweleza dawa kwa Kiswahili, kisha mtihani humtaka ajibu kwa Kiingereza. Njia inayosaidia ni kupita hatua mbili. Kwanza, eleza jambo kwa Kiswahili kwa sauti, kana kwamba unamweleza mgonjwa. Ukikwama, ujue hujalielewa. Pili, andika maelezo hayohayo kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi, bila kutazama kitabu. Hatua ya kwanza hupima uelewa, na ya pili hukuandaa kwa karatasi ya mtihani.

3. Masomo matatu kutoka kando ya kitanda

Tuchukue sasa matukio matatu ya kawaida, tuone yanavyobeba mtaala.

(a) Fizikia: dripu

Mgonjwa ameandikiwa mililita 1,000 za maji ya chumvi kwa saa 8, na mrija una matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 1,000 × 20 = 20,000. Dakika zote ni 8 × 60 = 480. Hivyo 20,000 ÷ 480 ni takribani matone 42 kwa dakika. Hesabu hii kila muuguzi anaijua. Mtihani utaendelea mbele yake.

Kwa nini chupa hutundikwa juu? Kanieneo ya kimiminika ni zao la densiti, mvutano wa dunia na kimo. Maji yakiwa mita 1 juu ya mkono, kanieneo ni 1,000 × 9.8 × 1 = paskali 9,800, sawa na takribani milimita 74 za zebaki. Kanieneo ya damu ndani ya vena ni ndogo kuliko hiyo, ndiyo maana maji huingia. Chupa ikishushwa chini ya mkono, damu hurudi kwenye mrija. Jambo hilo umeliona mara nyingi pale jamaa wa mgonjwa anapoibeba chupa vibaya njiani kwenda chooni.

Kwa nini mama anayevuja damu huwekewa kanula namba 16 ya kijivu au 14 ya chungwa, na si namba 22 ya bluu? Kanuni ya Poiseuille inasema kwamba mtiririko katika mrija hutegemea nusu kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha nne, na hupungua kadiri mrija unavyorefuka na kimiminika kinavyokuwa na mnato. Nusu kipenyo kikipungua kwa nusu, mtiririko haupungui kwa nusu. Hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Kwa mama huyo, tofauti ya kanula inaweza kuwa tofauti ya uhai. Anayeielewa kanuni hii hatasahau kuchagua kanula kubwa, na hatasahau jibu la mtihani.

(b) Kemia: mtoto anayehema kwa kina

Mtoto mwenye malaria kali analetwa akihema kwa kina na kwa kasi, ingawa mapafu yake ukiyasikiliza ni safi. Mtoto mwenye kisukari kisichodhibitiwa huweza kuhema vivyo hivyo. Kwa nini?

Katika damu kuna msawazo wa kikemikali. Kabonidioksidi na maji huungana kuwa asidi ya kaboni, nayo huachana kuwa ioni za haidrojeni na bikaboneti. Mwitiko huo huenda pande zote mbili. Malaria kali hujaza damu asidi ya laktiki, na kisukari huijaza asidi za ketoni. Ioni za haidrojeni zinapozidi, kanuni ya Le Chatelier inatuambia kwamba msawazo utasogea upande wa kuzipunguza: zitaungana na bikaboneti, na kabonidioksidi itaongezeka. Mapafu huitoa nje kwa kuhema sana, na kila inapotoka, msawazo huzidi kusogea upande huo. Kuhema kule ni jitihada ya mwili kuifukuza asidi kwa njia ya hewa.

Hapa mwanafunzi amejifunza mada tatu kwa pamoja: msawazo, asidi na besi, na vidhibiti vya pH. Muuguzi naye amepata sababu ya kutosubiri asubuhi, kwa kuwa kuhema kwa namna hiyo ni dalili ya hatari. Kila anapoona dalili hii, amwite mwenye dhamana mara moja.

(c) Biolojia: wazazi wa mtoto mwenye selimundu

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yenye selimundu kwa wingi. Baba na mama, wote wawili wabebaji wasioumwa, wana mtoto mmoja mgonjwa. Wanamuuliza muuguzi: “Mmoja ameshaupata, basi watatu wanaofuata watakuwa salama?” Wamesikia mahali kwamba ni mmoja kati ya wanne.

Jibu la mtihani na jibu la kliniki ni lilelile. Kila mzazi ana jeni moja ya A na moja ya S. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuwa AA ni robo, AS ni nusu, na SS ni robo. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Uwezekano wa watoto watatu wote kutokuwa na ugonjwa ni ¾ × ¾ × ¾, yaani 27/64, au takribani asilimia 42. Kwa hiyo uwezekano kwamba angalau mmoja wao atakuwa na selimundu ni 37/64, takribani asilimia 58.

Muuguzi anayewaambia wazazi hawa kwamba wako salama, kwa sababu aliikariri “robo” bila kuielewa, amewapa ushauri utakaowafuata maisha yao yote. Katika karatasi ya mtihani, kosa hilo lingempotezea alama mbili tu.

4. Daftari la “kwa nini” na ratiba ya mtu wa zamu

Kutokana na mifano hiyo, tunapendekeza zana moja nyepesi: daftari dogo la mfukoni. Kila zamu, andika swali moja linaloanza na “kwa nini”. Kwa nini mtungi wa oksijeni huwa baridi unapofunguliwa kwa nguvu? Kwa nini mashine ya eksirei hukingwa kwa risasi? Kwa nini chanjo huwekwa kwenye baridi? Usiandike kamwe jina la mgonjwa wala jambo litakalomtambulisha. Ukipata nafasi, tafuta jibu kitabuni, ulipange chini ya mada ya mtaala, kisha uliandike kwa Kiingereza. Mwisho wa mwezi, utazame mtaala: mada ambazo hazina swali hata moja ndizo ambazo wodi haitakufundisha, nazo uzitengee muda wa kukaa mezani.

Maandalizi yagawanywe katika vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza ni kujipima: fanya karatasi moja ya zamani ya kila somo kwa muda kamili, bila msaada, ujue ulipo. Kipindi cha pili, kilicho kirefu kuliko vyote, ni kujenga: mada kwa mada, ukianza na Hisabati ya msingi, hasa logi, grafu na kubadili vipimo, kwa sababu Fizikia na Kemia husimama juu yake. Kipindi cha tatu, miezi mitatu ya mwisho, ni cha karatasi za miaka iliyopita na vitendo.

Vitendo visiachwe nyuma. Pima volumu kwa bureti, chora grafu na utafute mwinuko wake, pasua na uchore kielelezo, mpaka mkono uzoee. Tafuta mapema shule yenye maabara inayopokea watahiniwa wa kujitegemea. Kwa walioko Geita, safari ya kwenda Mwanza kutafuta vitabu, walimu au maabara imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takribani kilomita 3. Foleni ya kivuko haipo tena kuwa sababu.

Sasa jambo zito kuliko yote: usingizi. Tumfikirie muuguzi aliyesoma mchana kutwa, akaingia zamu ya usiku akiwa peke yake na wagonjwa ishirini. Saa tisa usiku macho yake yanasoma mililita 1 mahali palipoandikwa 0.1. Hakuna udaktari unaostahili kununuliwa kwa bei hiyo. Kwa hiyo, baada ya zamu ya usiku, lala kwanza, usome baadaye. Kabla ya zamu ya usiku, usisome zaidi ya saa moja. Wakati wa kutoa dawa, kitabu kifungwe. Saa nane zilizotulia kwa juma, kwa mwaka mzima, zinafika saa mia nne na zaidi. Zinatosha kujenga msingi, wala hazimwibii mgonjwa haki yake.

5. Kabla ya kuamua

Shahada ya Udaktari huchukua miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Kaa na mwenza wako, au wazazi wanaokutegemea, mpige hesabu ya miaka hiyo: ada, kodi ya nyumba, chakula cha watoto. Zungumza na mwajiri mapema kuhusu ruhusa ya masomo, na upate majibu kwa maandishi.

Jiulize pia sababu. Ikiwa unataka udaktari kwa kuwa umechoka kuamrishwa, kumbuka kwamba mwaka wa kwanza kazini daktari naye huamrishwa. Lakini ikiwa umesimama kando ya kitanda ukajua cha kufanya bila kujua sababu, na kutojua huko kukakunyima amani, hiyo ni sababu inayoweza kudumu miaka sita.

6. Neno kwa wagonjwa na jamaa zao

Unapolazwa, una haki ya kuuliza “kwa nini” kwa adabu: kwa nini dripu hii, kwa nini sindano kubwa, kwa nini damu inapimwa tena. Swali lako si usumbufu. Huenda likawa ndilo swali la daftari la muuguzi wako usiku huo, na jibu atakalolitafuta litakufaa wewe kabla ya kumfaa yeye.

7. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yana gramu 9 za chumvi katika lita moja. Uzito wa moli moja ya chumvi ni gramu 58.5. Kokotoa ukolezi wake, kisha ueleze kwa nini maji matupu yasiyo na chumvi hayaingizwi kwenye mshipa.

Swali la 2. Mchimbaji mdogo anachoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye kikaango uani, watoto wakiwa karibu. Zebaki huchemka kwa nyuzijoto 357, na dhahabu huyeyuka kwa 1,064. Eleza kinachotokea na hatari yake.

Swali la 3. Kwa nini mchimbaji aliyevuta vumbi la mwamba kwa miaka mingi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi?

Majibu

1. 9 ÷ 58.5 = moli 0.154 kwa lita, yaani milimoli 154. Kila moli hutoa ioni mbili, hivyo chembe ni milimoli 308 kwa lita, karibu sawa na za plazma. Maji matupu yangeingia ndani ya seli nyekundu kwa osmosisi, zikavimba na kupasuka.

2. Zebaki hugeuka mvuke muda mrefu kabla dhahabu haijayeyuka. Dhahabu hubaki, mvuke huenea hewani. Hauonekani, lakini huvutwa mapafuni, huingia kwenye damu, hufika kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito huvuka kondo la nyuma. Chombo kilichofungwa chenye mrija unaopozwa huurudisha mvuke kuwa kimiminika, kwa kanuni ileile ya kukeneka maji. Hata hivyo, kazi hiyo ifanyike mbali na makazi.

3. Seli za kinga za mapafuni humeza chembe za silika na kuharibiwa nazo. Bakteria wa kifua kikuu wanapoingia, hukuta ulinzi umedhoofika. Kwa hiyo mchimbaji anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi, hata kama anasema ni vumbi tu.

Hitimisho

Muuguzi anayeanza safari hii leo huenda akafika, huenda akachagua njia nyingine katikati. Vyovyote itakavyokuwa, kila “kwa nini” aliyoijibu itabaki mikononi mwake, na usiku ule ambapo kituo hakina daktari, mgonjwa wa kwanza kunufaika atakuwa tayari amelala mbele yake. Anza kwa zamu ya kesho: swali moja, ukurasa wa kwanza.